Barafu ya Mexique na Kinywa Changu

Wiki iliyopita niliishia kwenye barua. Kwa aliyeikosa nitasema kwa kifupi, maana leo nina mengi.

Mimi ni Georgette, mzaliwa wa Swima. Vita vilitutoa Swima, nyumba yetu ikabaki majivu. Mume wangu Fabien akavuka ziwa kwenda Kigoma kututafutia pa kuishi, na baada ya miezi minane akaniandikia kwamba nisimngoje tena. Binti yetu Aline, mwenye miaka sita, nilikuwa nimempeleka kwa mama yangu, kijijini juu ya Fizi, kwa sababu askari walioshika Baraka hawakuwa wakifika milima ile. Mimi nilibaki Baraka kwa tante Immaculée, shangazi yake Fabien. Mpwa wake alinifukuza kwa barua, yeye akanitandikia mkeka.

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 2001.

Majuma yote haya nimewasimulia niliyotendewa. Leo nasimulia nililotenda mimi, tena kwa kinywa changu mwenyewe.

Baada ya barua ile sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja, nikarudia kuufagia. Nilishuka ziwani bila ndoo, nikapanda tena. Nililala na kandambili miguuni. Risasi ikilia mbali, wenzangu waligeuka upande wa pili wakaendelea na usingizi. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni.

Tante Immaculée alivumilia wiki mbili.

"Mama Aline, unanichokesha macho. Ikala kidogo."

"Mi naikala, tante."

"Uko unaikala sawa muntu anangojea mutumbwi."

"Mutumbwi gani sasa, tante? Fabien alishakataa."

"Njo vile. Basi kama hauko unangojea, ikala. Kama hauwezi, enda utembee, mi nipumuzike."

Nikatoka. Nilipita nyuma ya soko, nikashika njia nyembamba inayoteremka ziwani, mtaa ambao sikuwa nimeuzoea. Jua lilikuwa utosini. Pale kwenye kona nikaona kitu kilichonisimamisha.

Benchi refu mbele ya nyumba ya matofali. Juu ya benchi, askari wawili, kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kisha mzee wa msikitini na kofia yake, kisha askari wa tatu. Wote kimya. Kila mmoja alikuwa na kijiti mdomoni.

Katika Baraka ya siku zile, raia aliyekaa karibu na askari alikuwa amekamatwa. Nikageuka nirudi.

"Mama, usikimbie," sauti ikaniita kutoka ndani. "Hapa hatunaga mambo. Kuya uonje."

Aliyeniita alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, kichwa chote mvi, amevaa tablier, aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Juu ya mlango wake palikuwa na ubao: MEXIQUE. Chini yake, kwa herufi ndogo: barafu na maji ya matunda. Jina lake lilikuwa Isidore.

"Kuko ya manga, kuko ya maracuja, kuko ya ukwaju," akasema. "Ya manga iko na pilipili na chumvi."

"Pilipili ndani ya barafu?"

"Njo vile banakulaka kule."

"Kule wapi?"

"Mexique."

"We ulishafika Mexique?"

"Mi sijavuka hata Kigoma, mama. Ni Mexique njo ilinifikia hapa."

Akaniwekea mkononi kipande cha barafu ya njano kwenye kijiti cha mwanzi. Kilikuwa na madoa mekundu. Nilikiuma. Meno yakanilia, utamu ukaja, kisha ulimi ukawaka moto ndani ya baridi ileile. Nikakohoa. Askari aliyekuwa karibu akasogea kunipa nafasi. Nikakaa.

Nikacheka. Mama mwenye mtoto akanitazama, naye akacheka.

Nilimaliza kile kijiti bila kuinuka hata mara moja. Wanaonijua wakati ule wataelewa hilo lilikuwa jambo gani.

Isidore alinieleza mwenyewe baadaye. Miaka kumi na mmoja alikuwa mpishi wa padri mmoja kutoka Mexique, yaani Meksiko, Padri Eusebio, mtu mwenye tumbo na kicheko. Padri alikuwa amekuja na vibati vya kumiminia maji ya matunda, na frigo ya mafuta ya taa, ile ya utambi chini, isiyohitaji umeme. Kila Jumapili baada ya misa watoto walipanga mstari kungojea hizo barafu, ambazo padri aliziita paleta. Vita vya kwanza, vile vya 1996, vilipofika, wakubwa wake wakamwita arudi kwao. Akamwachia Isidore vibati na frigo.

"Na basoda hawakuichukua?" nikauliza, maana askari hawakuacha kitu.

"Bakakuya, bakachukua vitanda, bakachukua mpaka milango. Frigo bakaiona inatoa moshi kwa nyuma, bakasema ni jiko mubovu. Bakaiacha."

Frigo hiyo ndiyo iliyomjengea duka. Na siyo paleta tu. Alikuwa na maji meupe ya mchele uliosagwa na mdalasini, na maji mekundu ambayo watu waliogopa mwanzoni kwa rangi yake. Nilipoyaonja niliyatambua.

"Hii si ngai-ngai?"

"Ni ngai-ngai. Maua yake."

"Sisi tunapikaka majani na samaki. Maua tunatupa."

"Batu ba Mexique banatupa majani, banakunywa maua. Kila muntu na akili yake."

Nikamwambia nyuma ya nyumba ya tante ngai-ngai imejiotea kama nyasi. Kesho yake nikamletea kapu. Keshokutwa kapu la pili. Siku ya nne alinipa kinu nitwange mchele, na baada ya hapo sikuuliza tena kama nirudi.

Nisiseme uongo, nilikuwa karibu na furaha. Asubuhi nilikuwa na mahali pa kwenda. Watu wote wa Baraka walipita pale: Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu wa ufukweni, wenye mitumbwi na wasio na kitu. Askari nao. Isidore alikuwa na sheria moja tu. "Chef," aliwaambia kwa heshima, "bunduki iikale chini ya benchi, inatisha barafu." Nao waliziweka.

Lakini mtu asiyetulia hapati kitu kizuri bila kukitafutia ufa. Mimi niliutafuta, nikauona.

Kila Jumatano mchana alikuja mwanamke mmoja, Nadège, muuguzi wa dispensaire. Hakukaa kwenye benchi. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma na kapu lake, akatoka bila kunywa chochote. Kila Alhamisi, kabla jua halijapanda, alikuja Safari, mtu mzima kama mimi, aliyewahi kubeba mawese kwa baiskeli. Alifunga nyuma ya baiskeli boksi jeupe la frigolite, lile linalotunza baridi, limejaa paleta, akaenda kuziuza Fizi. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Boksi lile Isidore alilipanga peke yake. Kila alipoanza, alinituma maji.

"Mapipa yamejaa, papa Isidore."

"Enda tu ulete mengine, mama Aline."

Nikaenda na ndoo, nikilalamika moyoni. Kwa mchele naaminiwa, kwa boksi siaminiwi. Nilidhani labda ana mapenzi na Nadège. Nilidhani labda wanaficha dhahabu. Nilidhani mengi, na kila dhana niliilea kama mtoto.

Sasa fikeni pamoja nami Jumanne moja.

Mwanamke aliyeteremka kutoka milimani na mawese alikuja kununua maji mekundu. Alikunywa kikombe kizima, akafuta mdomo, akasema bila kuulizwa:

"Kule juu tunazika tu."

"Ni basoda?" nikamwuliza.

"Ni surua. Batoto banatoka vipele, macho inakuwa nyekundu, pumuzi inakatika. Siku tano, sita, inakwisha."

"Vijiji gani?"

Akataja vitatu. Cha pili kilikuwa cha mama yangu.

Nikaweka mchi chini. Sikumbuki kama niliaga. Nilijikuta mbele ya bureau walikotoa karatasi za njia, maana bila karatasi iliyosainiwa hakuna aliyevuka barrière ya njia ya Fizi, ila Safari, aliyewalipa askari kwa paleta. Mkuu wa pale alikuwa afisa mwembamba, mpole wa sauti, Kiswahili chake si cha kwetu. Jina lake silitaji.

"Juu kule ni kwa adui," akasema. "Hakuna karatasi."

"Mtoto wangu ni mgonjwa, chef." Sikujua kama ni mgonjwa. Lakini kinywa kilishasema.

"Wote wana watoto. Nenda."

Jumatano asubuhi nikarudi. Akanikatalia tena. Mchana nikarudi mara ya tatu, na safari hii aliniangalia vizuri.

"Wewe si yule mama wa pale kwenye barafu?"

"Ni mimi."

Uso wake ukalainika. Akavuta kiti, akanikalisha. Akaniambia anapenda sana ile ya ukwaju. Akauliza mtoto anaitwa nani, ana miaka mingapi. Nikamwambia. Akaandika "Aline" juu ya karatasi mbele yangu, taratibu, herufi nzuri.

"Unajua, mama, mimi nataka kukusaidia. Lakini wakubwa wataniuliza, huyu mwanamke ni mtu wa namna gani. Nisemeje?"

"Useme mi ni mutu wa amani."

"Vizuri. Pale kwenye barafu, wanakuja watu wa kutoka juu?"

"Banakuya kununua tu."

"Na kutoka pale, kuna kinachokwenda juu?"

Hapa ndipo nilipo mimi, wasomaji wangu. Hapa. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi, imebaki saini tu.

Nikasema, "Kila Alhamisi Safari anaenda na baiskeli. Anabeba boksi ya paleta."

"Paleta tu?"

"Sijui. Wakati wa kupanga, mimi ninatumwa maji."

Kisha akatia saini, akapiga muhuri, akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

Kwa muda mrefu nimejitetea kwamba sikusema neno baya. Baiskeli ni baiskeli, boksi ni boksi, nani asiyeiona njiani. Lakini mtu anayeulizwa na askari anajua anaulizwa nini. Nilijua. Na nilikuwa na kinyongo kidogo cha yale maji ya kutumwa. Vyote viwili vilikuwa ndani ya jibu langu, nami nikavifunika kwa jina la mtoto wangu.

Nilirudi nyumbani na karatasi kifuani. Tante Immaculée aliisoma mara mbili.

"Bamekupatia namna gani?"

"Bamenionea huruma."

Akanitazama muda mrefu. "Bale?" akasema, akaendelea kuchambua mboga zake.

Alhamisi niliamka mapema kushika njia. Kwanza nikapita kwa Isidore kumuaga. Nataka mjue kwamba nilitaka pia kumwambia. Njia nzima nilikuwa naipanga ile sentensi.

Jua lilikuwa limeshapanda. Baiskeli ya Safari haikuwepo. Isidore alikuwa anafuta vibati.

"Papa Isidore, mi napanda Fizi. Kuko surua. Sijue kama Aline iko muzima."

Akaacha kitambaa. Akatazama mlangoni, kisha barabarani, kisha akanivuta mpaka karibu na frigo.

"Mama Aline, usilie. Safari alishaenda. Sikia, mi sikutaka kukuambia, lakini we ni mama, na ile njia ni murefu, usitembee na roho ya kukatika. Chini ya zile paleta kuko chanjo ya surua."

Nikatia mkono kifuani, palipokuwa na ile karatasi.

"Basoda balikataza dawa yote ipande. Banasema dawa ya kule ni dawa ya Mai-Mai, bale banapigana nabo kule juu. Sasa Nadège anaileta hapa, tunaipanga chini, paleta zinaitunzia baridi. Muntu akifungua, anaona barafu. Kijiji cha mama yako ni cha kwanza, mi mwenyewe nilimuambia Nadège akiweke mbele. Juu yako, sababu ya Aline."

"Juu yangu," nikasema.

"Njo maana nilikuwa nakutuma maji. Siyo kama sikuaminie. Nilisema, siku bakimuuliza, asiwe na kitu ya kusema."

Nilishika frigo, upande wake wa nyuma ulikuwa wa moto.

"Papa Isidore. Jana nilienda kwa bureau."

"Kufanya nini?"

Nikatoa karatasi. Akaiona, akaielewa kabla sijafungua mdomo. Uso wake haukubadilika sana. Ulizeeka tu.

"Uliwaambia nini?"

"Baiskeli. Boksi. Siku."

"Jina ya Nadège?"

"Hapana. Ile sikutaja."

Nilingoja anipige. Ingekuwa heri. Akavua tablier yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kinu changu.

"Nadège anafuataka nyuma," akasema. "Anabeba sindano na maji ya kuchanganyia dawa, ndani ya kapu, na jembe juu, sawa mama anaenda shamba. Bila yeye ile dawa ni vumbi tu. Mi nakimbia kwake, pengine bado hajatoka. Na we uko na karatasi, na uko na miguu."

"Nikifika kule nitafanya nini?"

"Sijue, mama Aline. Lakini mi sina karatasi."

Akatoka mbio, mzee yule, na mlango akauacha wazi.

Nilikimbia. Nilivua kandambili nikazishika mkononi. Watu waliniona wakadhani mashambulizi yameanza, mama mmoja akaanza kuita watoto wake ndani. Sikusimama kumtuliza. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu: pancha. Mungu ampe Safari pancha, nimkute pembeni ya njia anaziba tairi, tugeuze pamoja.

Mungu hakutoa pancha.

Barrière ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili. Baiskeli ilikuwa imelala chini. Safari alikuwa amekaa vumbini, mikono kichwani, mdomo umevimba. Boksi jeupe lilikuwa wazi juu ya kiti, na yule afisa mwembamba alikuwa amesimama kando yake. Askari watano walikuwa wanakula paleta.

Afisa aliponiona, alifurahi kweli.

"Mama Aline. Umefika wakati mzuri. Karibu, na wewe kula."

Safari aliinua macho. Aliniangalia mimi, akamwangalia afisa, akanirudia. Hakuhitaji kuelezwa. Kukaribishwa kule kulitosha. Akateremsha macho, akatema damu pembeni, kwa adabu, mbali na miguu yangu.

Afisa akanipa ya ukwaju. Nikaipokea. Ilikuwa imeanza kulainika. Niliila kwa sababu alikuwa ananitazama, na sikusikia ladha yoyote.

"Ya juu zimeisha," askari mmoja akasema.

"Toa za chini," afisa akasema. "Toa zote."

Wakatoa mstari wa pili. Chini yake palikuwa na jani la mgomba. Askari akaingiza mkono ainue lile jani.

"Ni yangu," nikasema.

Mkono wa askari ukasimama.

"Nini ni yako?" afisa akauliza.

"Iliyo chini. Mimi niliiweka. Safari hajui kitu, yeye anabeba barafu."

"Jana uliniambia wanakutuma maji."

"Jana nilikuogopa, chef."

Akaja karibu. Akachukua karatasi ya njia mkononi mwangu, akaitazama saini yake mwenyewe. Kisha akarudi kwenye boksi, akainua lile jani kwa vidole viwili. Vichupa vidogo vilikuwa vimepangwa kama mayai, vingi, kila kimoja na kifuniko chake.

"Dawa ya nini?"

"Surua."

"Vyote hivi kwa mtoto mmoja?"

Safari alifumba macho.

Afisa hakupiga kelele. Aliwaambia askari wake warudi nyuma, hatua ishirini, wakale kivulini. Walipofika mbali, alichuchumaa karibu na boksi, akatoa kichupa kimoja, akakisoma kwa makini. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Kambini kwetu pia kuna watoto," akasema. "Hawa askari mnaowaita adui, wana wake, wana watoto. Wangu mkubwa ana siku ya tatu. Vipele mpaka ndani ya mdomo. Mdogo bado hajaguswa."

Nikamtazama. Kwa mara ya kwanza niliona macho yake hayajalala.

"Daktari wetu alikimbia mwezi wa kumi na mbili. Mimi sijui kuchanja. Askari wangu hawajui. Wewe unajua?"

"Hapana."

"Huyu?" Akamwonyesha Safari kwa kidevu.

"Hapana, chef."

"Basi yuko anayejua. Hizi chupa hazikujileta." Akanyosha karatasi yangu juu ya goti lake, akatoa kalamu mfukoni. "Nipe jina lake. Aje kambini leo, awachanje wetu kwanza. Baadaye nusu ya boksi inapanda Fizi, na wewe unapanda nayo, na huyu anapata baiskeli yake."

"Na huyo muntu, baada ya kuchanja?"

Kwanza aliwatazama askari wake kule kivulini. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi ni mkubwa wa bureau tu," akasema mwishowe. "Kuna wakubwa juu yangu. Dawa ilikatazwa. Atakayeulizwa ni yeye."

Maji ya barafu yalikuwa yanadondoka kwenye pembe ya boksi, njano na nyekundu, yakifanya tope. Nilihesabu moyoni: baridi ile ingebaki saa ngapi? Kule juu mama yangu alikuwa amempakata Aline, au alikuwa anamwimbia, au alikuwa anamwosha kwa mara ya mwisho. Sikujua. Na kichwani mwangu lilikuwepo jina moja la herufi sita, ambalo jana nililihifadhi kwa bahati tu, kwa kuwa sikuulizwa.

"Chef," nikasema, "nipe muda kidogo."

"Muda wa nini? Angalia barafu."

Safari akanena kwa mara ya kwanza, kwa Kibembe, taratibu, macho chini. Alisema: "Nyamaza, mama. Hata nikifa, nyamaza."

"Anasema nini?" afisa akauliza.

"Anaomba maji."

Afisa akasimama, akajinyoosha mgongo. Akatazama njia ya kutoka mjini. Pale inapoungana na kijia cha mashambani, mita mia moja kutoka tulipokuwa, mwanamke mmoja alikuwa ametokea kwenye majani. Kapu kichwani, jembe juu ya kapu. Alikuwa anatembea polepole, kama mtu aliyelala vizuri, na kwa kuwa macho yake yalikuwa chini njiani, alikuwa bado hajatuona.

Isidore alikuwa amechelewa.

Hakuna aliyekwenda shamba upande ule. Mashamba yale yalikuwa ya Mai-Mai au ya nguruwe pori tangu mwaka uliopita. Askari wa barrière, wageni wa huku, hawakulijua hilo; mimi nililijua, Safari alilijua, na nikaona afisa naye anaanza kulijua. Alikunja macho, akafunga kalamu.

"Mama Aline," akasema bila kunigeukia. "Yule anayekuja, unamfahamu?"